Chemchemi ya Mfalme na Chemchemi ya Mulago

(Mazungumzo baada ya habari: Nchi jirani. Kwa wasikilizaji wa Jeshi na Polisi)

Katika wilaya ya Sheema, magharibi ya Uganda, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Mbarara, kipo kijiji cha milimani kiitwacho Kitagata. Vilima vyake vimefunikwa na migomba, na asubuhi mabonde yake hujaa ukungu ambao mgeni hushindwa kuutenganisha na mvuke. Maana Kitagata mvuke haukosekani. Kando ya barabara iendayo kati ya Ishaka na Kagamba, maji ya moto huchomoza kutoka ardhini usiku na mchana, masika na kiangazi, bila kuni wala makaa. Jina la kijiji lenyewe limetokana na jambo hilo, kwani katika lugha ya Kinyankole kutagata ni kuwa na joto.

Mahali hapo ni pa umma. Huja wazee wenye maumivu ya viungo, huja wanawake waliochoshwa na jembe, huja vijana ambao hawaumwi chochote ila wamesikia habari na wanataka kuona kwa macho. Huvua sehemu ya nguo zao, wakajilaza katika maji ya kina kifupi au wakaketi juu ya mawe, na hapo hukaa kwa saa nzima wakizungumza. Wapo pia wanaoyachota maji hayo wakayanywa wakiamini kuwa ni dawa ya tumbo.

Chemchemi zenyewe ni mbili, nazo zimepakana. Moja huitwa Ekyomugabe, yaani ya Omugabe, mfalme wa Ankole, kwa sababu zamani ndiyo aliyoitumia mfalme kwa kuoga. Ya pili huitwa Mulago. Jina hili la pili lastahili kutazamwa kwa makini, maana halikutoka katika hadithi za kale. Mulago ni kilima cha Kampala ilipojengwa hospitali kuu ya Uganda, hospitali iliyoanza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, ikakua hata majengo yake mapya yakafunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru. Mwananchi wa Sheema aliyekuwa mbali na Kampala, asiye na nauli wala jamaa wa kumpokea huko, aliyaita maji ya kijijini kwake kwa jina la hospitali asiyoweza kuifikia. Katika neno hilo moja imo imani ya watu, na yamo malalamiko yao pia.

Basi vidimbwi viwili vyenye maji ya aina moja vilipewa majina ya watu wa daraja mbili: mwenye nchi na mgonjwa. Kilichotokea baadaye ni historia ya Uganda nzima kwa ufupi. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilizifuta falme zote nchini humo, nao ufalme wa Ankole ukafutwa pamoja na zile za Buganda, Bunyoro na Toro. Omugabe wa mwisho, Charles Gasyonga wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1944, alibaki mtu kama watu wengine. Mwaka 1993 sheria ilipobadilishwa na wafalme wa kimila wakaruhusiwa kurudi, Waganda walimtawaza Kabaka wao, na baadhi ya Wanyankole nao wakamtawaza John Barigye mwezi Novemba mwaka huo. Serikali haikuutambua utawazo ule. Ankole wenyewe walikuwa wamegawanyika juu ya suala hilo, kwa kuwa wengi miongoni mwa Bairu, wakulima, hawakuwa na kumbukumbu njema ya utawala uliowaweka Bahima, wafugaji, juu yao. Hivyo ipo chemchemi ya mfalme mahali ambapo hapana mfalme.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya siasa na hayahusiani na maji. Walakini yahusiana sana. Mali ya mtawala inapokosa mtawala, huwa mali ya nani? Yaweza kuwa ya serikali, yaweza kuwa ya tajiri wa kwanza kufika na hati mkononi, yaweza kuwa ya wote. Duniani, mara nyingi, jibu limekuwa la pili. Kitagata jina la mfalme lingalipo, lakini mtu wa kijiji hahitaji kuwa wa ukoo wowote ili ajongee maji yale.

Yafaa hapa kueleza kwa uchache jinsi maji hayo yanavyopata moto, kwa kuwa ni jambo linalozungushiwa hadithi nyingi. Magharibi ya Uganda limepita tawi la Bonde la Ufa, lile lenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ardhi ya eneo hilo imepasuka kwa nyufa ndefu ziendazo chini sana. Mvua inaponyesha milimani, sehemu ya maji yake huzama katika nyufa hizo. Sasa, kadiri mtu anavyokwenda chini ya ardhi ndivyo joto linavyozidi, na kwa kawaida huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi katika kila kilomita moja ya kina. Penye Bonde la Ufa laweza kuongezeka kwa haraka zaidi. Maji yaliyozama hupashwa moto huko, yakayeyusha madini ya miamba, kisha yakasukumwa juu kwa njia nyingine. Ya Kitagata huchomoza yakiwa na joto lipitalo nyuzi 60. Aonaye mvuke wake anatazama mvua ya zamani ikirudi kutoka safari ya chini.

Nyuzi 60 si mchezo. Maji ya joto hilo huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya katika muda wa sekunde zipatazo tano, na ya mtoto mapema zaidi. Ndiyo sababu waogaji hawakai pale yanapobubujika, bali pembeni, yalipokwisha kusambaa na kupoa au kuchanganyika na maji baridi, hata yakafikia joto ambalo mwili unaweza kulistahimili, yaani nyuzi 40 hivi. Mwenyeji hujua mpaka huo kwa mazoea. Mgeni haujui. Askari aliyetoka safari ndefu, amechoka, viatu vimembana tangu alfajiri, ndiye hasa aelekeaye kutumbukiza miguu yote miwili kwa pamoja bila kuuliza.

Je, maji hayo yanaponya? Hapana budi kulijibu swali hili bila kuwadharau wanaoamini na bila kuwadanganya. Joto la maji hulegeza misuli iliyokakamaa, hupanua mishipa ya damu, hupunguza maumivu ya viungo kwa muda. Na mwili unaoelea hupumzishwa uzito wake. Mzee mwenye baridi yabisi anayesema kwamba ametoka majini akitembea vizuri kuliko alivyoingia hasemi uongo. Lakini maji hayaui vijidudu vya malaria vilivyo ndani ya damu, wala hayatibu kifua kikuu, wala hayashushi sukari. Tena yapo magonjwa ambayo maji ya moto huyazidisha hatari. Mwenye ugonjwa wa moyo aweza kuzimia. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi aweza kuungua asisikie, akaja kuona malengelenge jioni. Mwenye kidonda kibichi hupeleka kidonda chake katika maji waliyoogea wengine mia, na hao mia huogea katika maji yenye kidonda chake. Mama mwenye mimba changa afadhali asijilaze humo. Hata kuzamisha kichwa si vizuri, maana katika maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa huweza kuwamo kijidudu, adimu lakini cha kufisha, kiingiacho ubongoni kwa njia ya pua.

Kubwa kuliko hayo ni mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa kuwa amepata Mulago ya bure. Hilo lasikitisha zaidi kwa sababu pale pale Kitagata ipo hospitali ya serikali. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001, na wagonjwa waliojitokeza wakaongezeka mara moja, jambo lililoonyesha kwamba wengi walikuwa wakikaa nyumbani na maradhi yao kwa ajili ya shilingi chache. Hata hivyo kufuta malipo si kuleta dawa kwenye rafu. Mtu anayefika hospitali akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani, atarudi kwenye maji yasiyokwisha. Lawama ya jambo hilo haiwezi kubebeshwa chemchemi.

Ama kuhusu utaratibu wa mahali pale, hapo ndipo lilipo jambo ambalo askari na polisi wa nchi hizi wangefaa kulitafakari. Mahali pa umma ambapo watu huvua nguo ni mahali pagumu kulinda. Pana wanaume na wanawake, vijana na wazee, wenye afya na wagonjwa. Nguo na fedha zimewekwa juu ya jiwe. Wengine wamelala. Kwa desturi ya mijini, mahali kama hapo pangehitaji ukuta, tikiti, mlinzi na kibao cha makatazo kumi na mawili. Penye desturi iliyokaa, hata hivyo, kazi kubwa hufanywa na haya. Mtu hamkodolei macho mama wa mwenziwe. Kijana humpisha mzee penye joto zuri. Aliyekuja kwanza hajifanyi mwenye mali. Utaratibu wa namna hiyo hauandikwi, na kwa kuwa hauandikwi ni rahisi sana kuvunjwa na mgeni mwenye nguvu, hasa aliyevaa sare.

Suala la sare katika sehemu zile za Uganda lina historia yake. Mwishoni mwa Februari 1979, katika vita iliyoanza baada ya majeshi ya Idi Amin kulivamia eneo la Kagera mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Mbarara. Mji uliharibiwa vibaya katika vita ile. Kutoka hapo vikosi vilielekea kaskazini na magharibi, huku vingine vikielekea Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Raia wa Ankole wengi waliwapokea askari wale kama wakombozi, nao wazee wa pande zote mbili waliobaki hai wanayo ya kusimulia. Lakini mpokezi mmoja haukumbuki ukombozi tu. Hukumbuka pia nyumba iliyoanguka, ng'ombe aliyechinjwa bila kulipwa, na neno aliloambiwa alipouliza.

Na neno lenyewe aghalabu lilikuwa la Kiswahili. Jambo hili wasikilizaji wa Tanzania, waliokipata Kiswahili kama lugha ya shule na soko, huenda wasilitambue upesi. Katika Uganda Kiswahili kilikuwa kwa miaka mingi lugha ya kambi. Serikali ya kikoloni ilikitumia katika jeshi na polisi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Na katika miaka yake minane raia wengi wa kusini na magharibi walikisikia mara nyingi zaidi penye kizuizi cha barabarani kuliko penye meza ya chakula. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya ni maendeleo mema. Lakini bibi wa miaka 70 aliyejilaza kando ya Mulago hakusoma azimio la Baraza la Mawaziri. Anaposikia sauti nene nyuma yake ikisema Kiswahili, hushituka kwanza, akafunika mabega yake, ndipo akageuka. Askari mwenye akili huanza kwa kutafuta salamu ya Kinyankole, hata kama ni hiyo moja tu aijuayo, kisha husubiri ajibiwe kabla hajasogea.

Katika milima ya kaskazini zaidi, chini ya Rwenzori, yako maji ya moto mengine yenye fundisho la namna nyingine. Nayo ni ya Sempaya, wilaya ya Bundibugyo, mpakani na Kongo. Maji yake hayaogeki kabisa. Yanakaribia kuchemka, na wageni huchemshia humo mayai na ndizi. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, iliyotangazwa mwaka 1993, na mgeni huingia kwa malipo akiongozwa na askari wa wanyamapori. Miaka mitatu baada ya hifadhi kutangazwa, waasi wa ADF walianza mashambulizi yao katika milima ile, na mwezi Juni 1997 wakauvamia mji wa Bundibugyo. Maelfu ya watu walikimbilia makambini. Maji ya Sempaya yaliendelea kutokota kama kawaida, bila mtu wa kuyatazama. Jeshi la Uganda lilichukua miaka kuwasukuma waasi wale hadi ng'ambo ya mpaka, nako huko Kongo hawakwisha. Mwezi Oktoba 2023 watalii wawili wa kigeni na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo haiko mbali na vilima vya Sheema.

Yatokeapo mauaji kama hayo, jambo la kwanza linalopendekezwa ni kuongeza bunduki mahali wanapokusanyika watu. Pengine pendekezo hilo huwa la lazima. Uganda inacho kikosi cha polisi wa utalii, na hapana ubishi kwamba barabara ziendazo kwenye hifadhi zahitaji doria. Lakini mahali kama Kitagata, ambapo aoga mkulima na wala si mtalii, doria inayofaa ni ile inayokaa barabarani na penye maegesho, ikiwaacha waogaji na maji yao. Mlinzi akisimama juu ya ukingo na silaha, akiwatazama watu walio nusu uchi, atakuwa amelinda chemchemi na kuwafukuza wenyewe. Aidha, askari aliye nje ya zamu akitaka kuoga kama raia, aoge kama raia: silaha yake ibaki kwa mwenziwe au ghalani. Bunduki iliyolazwa juu ya jiwe penye watoto ni ajali inayosubiri wakati.

Lipo tishio jingine lisilokuja na bunduki, nalo ni la uzio. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba ardhi ni mali ya wananchi, lakini maziwa ya asili, mito, ardhi oevu, misitu ya akiba, hifadhi na ardhi yoyote iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii hushikwa na serikali kwa amana kwa faida ya wote. Amana ni neno zito. Aliyekabidhiwa amana haiuzi wala haigeuzi kuwa yake. Hata hivyo katika nchi zote za Afrika Mashariki ziko sauti zinazosema kwamba chemchemi iliyo wazi ni mali iliyolala, na kwamba ikijengewa hoteli, bwawa la vigae na mkahawa, kijiji kitapata ajira. Hoja hiyo isitupwe. Ajira ni jambo kubwa katika wilaya ya wakulima wadogo, na anayeikejeli kwa kawaida ana mshahara.

Jirani yetu Kenya anayo mifano. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, joto la ardhi lilianza kutoa umeme mwaka 1981, kwa mtambo wa kwanza wa megawati 15. Nguvu za aina hiyo nchini humo leo zimepita megawati 900, na ni sehemu kubwa ya umeme wote wa Kenya. Maji ya chumvi yatokayo kwenye visima hivyo yametengenezewa bwawa la kuogelea, la kulipia, na familia kutoka Nairobi hulifurahia siku za mapumziko. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini mwaka 2014 jamii za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo cha Olkaria cha nne, na malalamiko yao juu ya ardhi na makazi waliyopewa yakafika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimekopesha fedha. Wakubwa wakalazimika kukaa nao upya mezani. Hasara ya kutowasikiliza mapema ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuwasikiliza.

Kwa Uganda, maeneo yanayochunguzwa kwa ajili ya umeme wa joto la ardhi ni hasa Katwe, Buranga na Kibiro, na huko swali la nani ahamishwe na nani alipwe halina budi kuja. Kitagata swali ni dogo zaidi kwa ukubwa, lakini kwa mwenye goti linalouma ni lile lile. Akiwekewa lango na bei, hata bei ndogo, ataacha kuja mara tatu kwa wiki na kuja mara moja kwa mwezi, na baadaye asije. Mahali pake patachukuliwa na mwenye gari. Chemchemi ya mfalme itakuwa imepata wafalme wapya, safari hii wengi, na kila mmoja ana risiti.

Kati ya kuacha kila kitu kama kilivyo na kuzungusha ukuta, kuna kazi nyingi za kadiri ambazo mahali pa namna hii huzihitaji, na ambazo halmashauri ya wilaya yoyote yaweza kuzifanya bila mkopo wa nje. Choo kijengwe upande wa chini wa mteremko, mbali na maji. Kibanda cha kubadilishia nguo, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, huondoa aibu na wizi kwa pamoja. Palipo na maji ya kuunguza pawekwe kamba au ukingo wa mawe wa kumzuia mtoto. Sabuni na dobi visogezwe chini, maji yanakotokea. Anayeuza pombe asiuzie karibu na vidimbwi, kwa kuwa mlevi aliyelala katika maji ya moto haamki. Na hili polisi wa kituo cha karibu wanaweza kulisimamia bila sheria mpya.

Kwa upande wa askari mwenyewe anayefika hapo, awe wa Uganda akiwa likizo au mgeni kutoka nchi jirani aliyekuja kwa mafunzo ya pamoja ya majeshi ya Afrika Mashariki, mambo ni machache. Aulize mwenyeji ni wapi pa kukaa. Atie mkono kwanza, kisha mguu mmoja. Asikae zaidi ya dakika 15 kwa mara ya kwanza, atoke taratibu, aketi kabla ya kusimama, kwa sababu damu imeshuka miguuni na kichwa kitamzunguka. Anywe maji safi aliyokuja nayo. Kamera ya simu ibaki mfukoni, maana picha ya mama wa watu aliye majini, ikishapigwa, haina anayeweza kuirudisha.

Kila kidimbwi kingefungiwa kipimajoto kwenye nguzo, pamoja na kibao cha Kinyankole, Kiswahili na Kiingereza chenye kutaja joto la maji na wagonjwa wasiopaswa kuingia, majeruhi wengi wangeepukika. Chini ya maneno hayo kibao kioneshe kwa mshale njia ya kwenda hospitali ya Kitagata, ili aliyekuja kwa ajili ya Mulago ya maji aende pia kwenye ile ya madaktari, akapimwe damu siku hiyo hiyo.